Gato ya Ndizi ya Siku ya Yenga

Nyumbani kwetu Kikula, katika mji wa Likasi, ilikuwa ni ada kwamba siku ya yenga, yaani Jumapili, jioni, bukari (ugali) na samaki na sombe (kisamvu) vikiisha kuondolewa mezani na kisu cha keki kikianza kutafutwa, baba huinuka polepole, akaaga kwa adabu, akaenda kukaa peke yake barazani mpaka sahani ziishe kuoshwa. Ana ugonjwa wa sukari. Na kwa kuwa ni mtu aliyetumia umri wake katika kiwanda cha Shituru, akazoea kuitii saa ya kazi, aliitii vivyo hivyo amri ya tabibu, bila ya kunung'unika hata siku moja. Aliyenung'unika ni mimi. Sikuona insafu kwamba mtu aliyetulisha sisi sote auache mlo wa jamaa zake kabla haujaisha, na ndiyo sababu nikatia nia ya kuoka kitu atakachoweza kukila pamoja nasi.

Keki yetu ya asili, au gato kama watoto wanavyoiita, tuliirithi kwa kambo, mama yake baba, ambaye zamani za Jadotville, kabla mji huu haujarudishiwa jina la Likasi mwaka 1966, alijifunza kushona na kuoka katika foyer social, ile nyumba walimofundishwa wake za wafanyakazi wa kampuni ya madini ya Union Minière. Wabelgiji na Wafaransa huiita quatre-quarts, yaani robo nne, kwani unga, sukari, siagi na mayai hupimwa kwa uzito mmoja. Ni keki adhimu, wala simkosoi kambo; lakini hesabu yake ni nzito, kwa kuwa keki ya gramu 200 za unga imebeba gramu 200 za sukari na gramu 200 za siagi, na ukiikata vipande 12, kila kipande kina gramu 16 na ushei za sukari. Shirika la Afya Duniani lilinasihi mwaka 2015 kwamba sukari ya kuongezwa isizidi sehemu ya kumi ya nguvu tunazopata katika chakula chote cha siku, nayo kwa mtu mzima ni kiasi cha gramu 50, na kwamba ni bora zaidi ikipungua hata nusu ya hapo. Vipande viwili vya keki ya kambo, basi, vinaimaliza ile nusu na kuipita.

Mara ya kwanza nilifanya haraka, nikaondoa sukari yote na mafuta yote, nikidhani kwamba wepesi ni kupunguza tu. Ikatoka kitu kigumu mfano wa mpira wa kiatu, watoto wakazisukuma sahani zao kwa staha, nami usiku ule nikakaa kutafakari kazi ya kila kitu katika keki. Sukari haileti utamu peke yake, bali hushika maji ndani ya keki na kuipa rangi. Na mafuta huuzuia unga usishikamane ukawa kama mpira. Mwenye kuviondoa hivi sharti alete kitu cha kushika mahali pake, na kitu hicho, kwetu sisi tulio na soko la Kikula, ni ndizi.

Nasema ndizi iliyoiva hata ganda likawa jeusi, ile ambayo muuzaji hukupunguzia bei kwa kuwa hakuna mwenye kuitaka. Ndizi mbichi imejaa wanga, na kadiri inavyoiva wanga ule hugeuka sukari, hata siku ya ganda jeusi ukiibonyeza kwa kidole inazama bila ya ukaidi, na harufu yake inajaza chumba. Chukua tatu kubwa, uziponde kwa uma mpaka zilainike kabisa. Tia mayai mawili, vijiko vitatu vya chakula vya mafuta, nusu ya kikombe kidogo cha maziwa ya mgando yasiyotiwa sukari, na gramu 60 za sukari, ambazo ni vijiko vitano vya chakula visivyofurika. Piga mpaka vichanganyike. Kando, chekecha gramu 200 za unga wa ngano pamoja na chumvi kidogo, mdalasini kijiko kimoja cha chai, na levire, yaani poda ya kuokea (baking powder) iuzwayo kwa vipakiti, kijiko kimoja na nusu cha chai. Vitabu vingi husema viwili. Lakini Likasi iko juu ya bahari kiasi cha mita 1,300, hewa ya huku ni nyepesi, na keki hufura upesi kuliko inavyotakiwa, kisha ikabonyea katikati. Unga ukiumimina katika ule uji wa ndizi, koroga mara chache tu, na pale unapoacha kuuona weupe wake, hapo uache.

Sasa moto. Mabwawa ya mto Lufira si mbali nasi, na lile la Mwadingusha lilianza kutoa umeme mwaka 1930. Hata hivyo umeme wa nyumbani hukatika jioni pasipo taarifa, na mara mbili keki yangu imebaki mbichi ndani ya tanuri. Kwa hiyo nimerejea kwenye mbabula, yaani jiko la makaa. Tandaza mchanga mkavu, unene wa kidole kimoja, katika sufuria kubwa nzito, uifunike na kuipasha moto kwa dakika kumi. Weka ndani kopo la keki lililopakwa mafuta. Kisha fanya wafanyavyo wapishi wa pwani, yaani palia makaa ya moto juu ya kifuniko, thuluthi mbili juu na thuluthi moja chini, maana moto wa chini ukizidi huunguza tumbo la keki ilhali uso wake ungali maji. Usifunue kabla ya nusu saa kupita, kwani hewa baridi huiangusha keki isiyokaza. Baada ya dakika 45 hivi chomeka kijiti chembamba katikati, na kikitoka kikavu, epua. Miezi ya Juni na Julai, baridi inaposhika, utatamani kuiingiza mbabula chumbani: usithubutu, makaa hutoa hewa yenye sumu isiyo na harufu, nayo huua watu waliolala.

Iache ipoe kabisa. Keki yenye ndizi huongeza utamu ikipoa, na hukatika vizuri bila ya kumomonyoka. Kata vipande 12, ambavyo kila kimoja kina gramu 5 za sukari iliyotiwa kwa mkono. Ama sukari ya ndizi na wanga wa unga, mwenye maradhi avihesabu pia, wala asiite keki hii dawa. Baba alimwuliza tabibu wake kwanza, akaruhusiwa kipande kimoja chembamba, na siku ya yenga iliyopita alikila kwa chai isiyo na sukari, hakuondoka mezani mpaka wajukuu wakasinzia juu ya mapaja yake.

Nasikia wako akina mama wa Kambove na Kolwezi waokao kwa viazi vitamu na kwa maboga pasipo kutia sukari hata chembe. Nawaomba waniarifu vipimo vyao, maana maboga ya mvua hii yanakaribia kukomaa.