SOMO LETU: Mzee au Mgonjwa Aliye Gerezani, Kijiji Kifanye Nini?

Ndugu na dada wa vikundi, somo la leo ni zito kidogo. Tunaomba mlisome pole pole, sehemu moja moja, na anayejua kusoma amsomee mwenzake.

Katika Migori na Homa Bay si vigumu kupata boma ambalo mtu wake yuko ndani. Wengine wako gereza la Migori au la Homa Bay hapa karibu. Wengine wamepelekwa Kodiaga au Kibos kule Kisumu, hata Kamiti. Miaka inaenda. Aliyeingia na nguvu zake sasa anatembea na fimbo, au figo zimekataa, au saratani imemshika. Familia inauliza: je, atatufia huko? Na familia iliyokosewa nayo inauliza: mkimtoa huyo, sisi je? Maswali yote mawili ni ya haki, na tutayagusa yote mawili.

1. Katiba inasema nini

Katiba ya 2010, Kifungu cha 57, inasema wazee wana haki ya kuishi kwa heshima na kutunzwa na familia zao na Serikali. Mzee, kwa Katiba hiyo, ni mtu aliyefika miaka 60. Mfungwa pia ni mtu, na Kifungu cha 51 kinasema anabaki na haki zake, isipokuwa zile ambazo haziwezekani akiwa kifungoni. Kutibiwa si zawadi ya askari jela. Ni haki yake.

Lakini tusidanganyane. Hakuna sheria inayosema ukifika umri fulani, au ukiugua, mlango unafunguka wenyewe. Lazima mtu aombe, na lazima ombi lichunguzwe.

2. Milango minne

Watu wengi hukimbilia kusema, "Tumwandikie Rais." Ngojeni kwanza. Kuna milango minne, na mingine iko karibu zaidi.

Mlango wa kwanza ni siku za rumande. Sheria ya Mwenendo wa Kesi za Jinai, kifungu cha 333, inataka korti ihesabu muda ambao mtu alikaa rumande kabla ya hukumu. Tuseme mtu alikaa rumande miaka 2, kisha akafungwa miaka 8. Kama ile miaka 2 haikuhesabiwa, ana sababu ya kurudi kortini. Basi someni karatasi ya hukumu. Ulizeni: kifungo kinaanza kuhesabiwa tarehe gani?

Mlango wa pili ni msamaha wa thuluthi. Chini ya Sheria ya Magereza, mfungwa wa zaidi ya mwezi mmoja anaweza kupunguziwa thuluthi moja ya kifungo kwa bidii ya kazi na tabia nzuri. Aliyefungwa miaka 9 anaweza kutoka baada ya 6. Hesabu hii hufanywa gerezani. Lakini haiwahusu waliofungwa maisha.

Mlango wa tatu ni Korti Kuu. Majaji wa Korti Kuu wana uwezo wa kupitia upya hukumu za korti za chini. Wakati wa korona, mwaka 2020, zaidi ya wafungwa 4,500 waliachiliwa Kenya nzima kwa njia ya namna hiyo, wengi wakiwa na makosa madogo au wamebakiza miezi michache tu. Pia kuna Sheria ya Huduma kwa Jamii ya 1998. Kwa kosa ambalo kifungo chake hakizidi miaka 3, au ambalo korti imeona miaka 3 au chini yake inatosha, mtu anaweza kufanya kazi ya umma bila malipo huku akilala kwake. Migori na Homa Bay zote zina Korti Kuu siku hizi, kwa hiyo mlango huu hauko mbali.

Mlango wa nne ndio msamaha wa Rais. Huu unafaa hasa kwa vifungo virefu, wakati milango mingine imefungwa.

3. Msamaha wa Rais unavyofanya kazi

Kifungu cha 133 cha Katiba kinasema mtu yeyote anaweza kupeleka ombi. Si lazima awe mfungwa mwenyewe, wala wakili. Mke, mtoto, hata kikundi chenu kinaweza. Rais haamui peke yake. Hufuata ushauri wa Kamati ambayo ndani yake wamo Mwanasheria Mkuu, Waziri anayehusika na magereza, na watu wengine wasiopungua 5 ambao si watumishi wa umma. Kazi ya Kamati hiyo imewekewa Sheria yake ya mwaka 2011.

Rais anaweza kufanya mambo manne: kusamehe, kwa masharti au bila masharti; kuahirisha adhabu; kubadilisha adhabu kuwa nyepesi zaidi; au kuondoa adhabu yote au sehemu yake.

Hapo muwe waangalifu. Mwezi wa Julai 2023 Rais Ruto alibadilisha hukumu za kifo zilizotolewa kufikia tarehe 21 Novemba 2022, zikawa vifungo vya maisha. Hiyo haikuwa kuachiliwa. Ukisikia redioni ati "Rais amebadilisha hukumu", usianze kuchinja kuku. Uliza kwanza: imebadilishwa kuwa nini?

Majirani zetu Tanzania wana desturi ya kutoa msamaha siku za sikukuu za taifa. Tarehe 9 Desemba 2017 Rais Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Wengi walipunguziwa tu kifungo, na 1,828 ndio waliotoka mara moja. Mara nyingi katika misamaha ya huko wazee wa miaka 70 na zaidi hutajwa, pamoja na wagonjwa wa saratani, kifua kikuu na UKIMWI, ila ugonjwa lazima uthibitishwe na jopo la waganga. Tunajifunza nini? Kwamba neno "mgonjwa" peke yake halitoshi. Karatasi ya daktari ndiyo inayosema.

4. Ombi lenye nguvu lina nini

Fomu ya ombi huulizwa katika ofisi ya gereza. Pamoja nayo tafuteni haya:

(a) Nakala ya hukumu, na jibu kuhusu rufaa: imekwisha au bado iko kortini?
(b) Ripoti ya daktari: ugonjwa gani, umefika wapi, matibabu gani hayapatikani gerezani.
(c) Uthibitisho wa umri. Kitambulisho ni bora kuliko kusema "alizaliwa wakati wa njaa".
(d) Neno la gereza kuhusu tabia yake na kazi alizojifunza.
(e) Maelezo ya nyumbani: atalala wapi, nani atampikia, nani atampeleka hospitali.

Hii ya mwisho ndiyo yenu. Afisa wa probesheni akija kuuliza, atamwona chifu, majirani na familia. Akikuta nyumba imeanguka na ndugu wanatazamana tu, ataandika alichokiona. Kikundi kikiwa kimeshaezeka nyumba na kuchagua watu wawili wa kumtunza, hilo nalo ataliandika.

5. Familia iliyokosewa

Katiba inaruhusu Kamati isikilize maoni ya waliotendewa kosa. Basi msiwaruke. Kupunguziwa adhabu si kusema kosa halikufanyika. Kama damu ilimwagika, mama wa marehemu bado analia, na ana haki ya kusema hapana. Nendeni kwake na wazee wanaoheshimika pande zote mbili. Msiende na vitisho, wala msiende na bahasha. Kama anakataa, rudini nyumbani na mheshimu neno lake. Kama ana hofu, sikilizeni ni hofu gani, kwa sababu mara nyingine ni ya kweli. Mtu aliyemdhulumu mtoto, kwa mfano, hawezi kurudishwa boma lile lile analolala mtoto huyo, hata awe mzee namna gani. Na ikiwa ni ugomvi wa mpaka wa shamba ulioleta kifo, mpaka huo umalizwe kabla mzee hajarudi, la sivyo vijana wataurithi.

6. Jihadharini na madalali

Atatokea mtu na kusema, "Mimi namjua mkubwa Nairobi, leteni elfu thelathini." Tunajua msemo wa mkono mtupu haulambwi, lakini hapa hautumiki. Ombi la msamaha halilipiwi. Pesa zenu za merry-go-round zitumieni kwa nauli ya kwenda kumwona mgonjwa, kupiga nakala za karatasi, na mabati. Anayeomba rushwa aripotiwe.

7. Akifika nyumbani

Kazi haiishi langoni mwa gereza. Kabla hajatoka, ombeni barua ya kumhamishia kliniki ya karibu. Dawa za kifua kikuu kwa kawaida hunywewa miezi 6 bila kukatiza, na akiziacha njiani ugonjwa unarudi ukiwa mkali zaidi. Dawa za virusi vya UKIMWI nazo hazisimami hata siku moja. Mwandikisheni SHA, iliyochukua nafasi ya NHIF mwezi wa Oktoba 2024. Kama ametimiza miaka 70, mwulizeni naibu wa chifu kuhusu Inua Jamii, ambayo huwapa wazee walioandikishwa shilingi 2,000 kwa mwezi. Yote hayo yanataka kitambulisho, kwa hiyo anzeni na hicho.

Kuna jambo moja zaidi. Mzee anaweza kukuta mke ameshakufa, shamba limegawanywa, na wajukuu hawamjui. Msimwache peke yake na mambo hayo. Mpeni kiti katika mkutano wa kikundi, na kazi ndogo anayoiweza, hata kama ni kulinda miche ya kitalu.

Maswali ya kuzungumzia katika kikundi

1. Katika kijiji chetu kuna nani aliye gerezani na ambaye ni mzee au mgonjwa sana? Nani alimtembelea mara ya mwisho?
2. Kwa mtu huyo, ni mlango gani kati ya ile minne unaofaa kujaribiwa kwanza?
3. Nani anafaa kutumwa kwa familia iliyokosewa? Tutafanya nini ikiwa watasema hapana?
4. Akirudi mwezi ujao, ni nini hakiko tayari?

Mkishajibu, chagueni mtu mmoja wa kwenda gerezani na mmoja wa kwenda kwa afisa wa probesheni. Wekeni tarehe, na karani aiandike katika kitabu cha kikundi. Mgonjwa hana muda mrefu wa kungoja kikao kingine.