Mashine ya Theluji: Igeuze Kwanza, Ndipo Ulipe

Hapa Minneapolis mwenye nyumba ana saa 24 tangu theluji ikome kusafisha njia ya miguu mbele ya nyumba yake. Ukitafuta mashine ya hatua mbili, ambayo mapanga ya mbele huvuta theluji na feni huitupa mbali, usikague injini tu. Kagua magurudumu.

Nyingi huendeshwa na gurudumu dogo la mpira linalosuguana na sahani ya chuma. Mpira huo hulika. Injini ikinguruma huku mashine ikisita kupanda mlima, huenda umekwisha. Omba upunguziwe bei. Za haidroliki hubadilisha mwendo taratibu bila kupiga gia, ila ni ghali.

Kugeuza ndiko kunakoumiza mgongo. Magurudumu yakifungwa pamoja kwenye ekseli moja, utaiburuta mwenyewe, na kubwa hufika kilo 100. Zenye pini huachia gurudumu moja, lakini lililobaki huteleza kwenye barafu. Mimi nachagua zenye vibonyezo kwenye mipini: bana cha kushoto, gurudumu la kushoto linaachiwa, inageuka kushoto. Zenye difu hujigeuza zenyewe, ingawa kwenye njia yenye mabonde huyumba. Mama, usikubali ya ekseli iliyofungwa kwa sababu tu ni rahisi. Iendeshe uani kwa muuzaji kwanza.