SOMO LA NNE: TAA ZA NDEGE NYUKI WAKATI WA USIKU



Vyama vya msingi kadhaa vimeanza kutumia ndege nyuki, yaani ndege ndogo zisizo na rubani ndani yake, kwa kupima mashamba, kukagua mazao na kutazama mifereji. Kazi hizo ni za mchana. Lakini vyama vilivyo jirani na hifadhi za wanyama vina haja nyingine. Tembo huingia mashambani usiku, na mkulima anayelala kwenye dungu akilinda mahindi yake huhatarisha maisha kwa ajili ya gunia chache. Katika miaka ya 2010 watafiti na askari wa wanyamapori walijaribu ndege nyuki pembezoni mwa hifadhi za Tarangire, Manyara na Serengeti, wakaona kwamba tembo huikimbia. Kwa hiyo si ajabu kwamba wanachama wanauliza: je, ndege ya chama yaweza kurushwa usiku?

Somo hili halijibu swali lote. Linashughulikia sehemu moja tu, ambayo bila hiyo nyingine zote hazifai kitu: taa. Katibu alisome kwanza peke yake, kisha alisomeshe katika kikundi cha masomo ndege ikiwa mezani mbele ya wote.

1. Kwa nini taa ni za lazima

Ndege nyuki isiyo na taa ya kutosha ina hatari tatu usiku.

Hatari ya kwanza ni kugongana na ndege yenye watu. Helikopta ya doria au ndege ndogo ya kubeba mgonjwa huweza kupita chini sana vijijini. Tuseme helikopta inakwenda kilomita 200 kwa saa. Kama rubani wake ataiona taa yenu akiwa umbali wa kilomita moja, anazo sekunde 18 tu za kuitambua, kuamua na kukwepa. Akiiona kutoka kilomita 4.8, anazo sekunde 86. Tofauti hiyo ndiyo tofauti ya uhai na kifo.

Hatari ya pili ni mrushaji kupotewa na mwelekeo wa ndege yake. Mchana huona kichwa na mkia. Usiku huona nukta moja ya nuru, na nukta haina mbele wala nyuma. Ndege inapomwelekea mrushaji, mkono wa kulia wa ndege uko upande wa kushoto wa mrushaji. Akisukuma kijiti cha rimoti kwenda kulia, ndege huenda kushoto kwake. Mali ya chama huishia mtini kwa njia hiyo.

Hatari ya tatu ni hofu ya watu. Kitu kinachovuma gizani bila kuonekana huleta uvumi na ugomvi. Kijiji kilichoelezwa mapema kwamba ndege ya chama hubeba taa ya namna fulani hakitarusha mawe.

2. Taa ziko za namna mbili

Wanachama wengi hudhani taa ni taa. Sivyo. Kazi mbili tofauti hufanywa na taa mbili tofauti.

(a) Taa za mwelekeo. Hizi humwonyesha mtazamaji ndege imeelekea wapi. Kanuni yake ni ya zamani na hutumika angani na majini: nyekundu upande wa kushoto, kijani upande wa kulia, nyeupe nyuma. Pande hizi hupimwa kwa mtu aliyekaa ndani ya chombo akitazama mbele. Ukiona nyekundu kushoto kwako na kijani kulia kwako, chombo kinakwenda mbali nawe. Ukiona nyekundu kulia kwako na kijani kushoto kwako, chombo kinakujia. Wanakikundi wakariri jambo hili mpaka walijibu bila kufikiri.

(b) Taa ya kuonya, yaani kimulimuli. Hii humwambia kila aliye angani: hapa pana chombo, jihadhari. Huwaka na kuzimika, kwa sababu jicho huvutwa upesi na kinachomweka kuliko kinachowaka mfululizo, na tena nuru inayowaka mfululizo yaweza kudhaniwa kuwa nyota au taa ya nyumba. Katika ndege ndogo zenye marubani, kimulimuli huwaka kati ya mara 40 na mara 100 kwa dakika. Hicho ni kipimo chema cha kufuata.

Ndege nyuki nyingi hutoka kiwandani zikiwa na taa ndogo kwenye mikono yake. Taa hizo zimewekwa kumsaidia mrushaji aliye karibu na kuonyesha hali ya betri. Mara nyingi hazitoshi kuwa kimulimuli.

3. Nuru kiasi gani yatosha?

Nchini Marekani, tangu tarehe 21 Aprili 2021, anayerusha ndege nyuki ya kazi usiku hutakiwa kuweka kimulimuli kinachoonekana umbali wa maili tatu, yaani takriban kilomita 4.8. Katika nchi za Umoja wa Ulaya, tangu tarehe 1 Julai 2022, ndege nyuki zinazorushwa usiku katika kundi la kazi zisizohitaji kibali maalumu hutakiwa kuwa na taa ya kijani inayomweka, ili aliye chini aitofautishe na ndege yenye watu. Sheria hizo si zetu, bali zinatupa kipimo. Chama kikitafuta taa, na kitafute inayoonekana kilomita tano.

Yapasa ieleweke kwamba nuru hupungua upesi kuliko umbali unavyoongezeka. Umbali ukiwa mara mbili, nuru inayofika machoni huwa robo. Umbali ukiwa mara tano, nuru huwa sehemu moja ya ishirini na tano. Kwa hiyo taa inayong'aa sana ndani ya ofisi ya chama si ushahidi wa lolote. Ushahidi ni jaribio la shambani, ambalo tutalieleza hapa chini.

4. Uzito na muda wa kuruka

Taa nyingi ndogo zinazouzwa kwa kazi hii hutumia umeme kidogo mno ukilinganisha na mota za ndege. Kinachogharimu ni uzito. Nguvu ya kuinua huongezeka kwa kasi kuliko uzito wenyewe.

Mfano: ndege ya gramu 900 inayoruka dakika 30 inafungwa taa mbili zenye betri zake, jumla gramu 20. Uzito umeongezeka kwa asilimia 2 na kitu. Muda wa kuruka utapungua kwa takriban dakika moja. Lakini mkifunga taa hizo hizo kwenye ndege ya gramu 249, uzito umeongezeka kwa asilimia 8, na dakika 30 zitakuwa karibu 27. Tena ndege hiyo sasa imefika gramu 269. Gramu 250 ni mpaka unaotumika katika sheria za nchi nyingi, na chombo kilichouvuka huenda kikaangukia masharti mengine. Ndege ipimwe kwenye mizani baada ya taa kufungwa, na uzito uandikwe.

5. Jinsi ya kufunga

Fuateni hatua hizi kwa utaratibu.

Kwanza, chagueni taa yenye betri yake ndogo inayochajiwa yenyewe. Msiunganishe nyaya kwenye betri ya ndege. Kosa dogo la waya laweza kuzima mota angani, na mtengenezaji hatakubali dai la ndege iliyofunguliwa.

Pili, soma kitabu cha maelekezo na kutambua mahali pasipofunikwa: sehemu ya juu inayopokea mawasiliano ya setilaiti, vihisi na kamera za mbele na chini, matundu ya kupitishia hewa, na mlango wa betri. Taa yoyote yenye sumaku isitumike, maana sumaku huipotosha dira ya ndege.

Tatu, weka kimulimuli kimoja juu, nyuma kidogo ya kati, ili kionekane na walio juu na pande zote. Kama uzito unaruhusu, kingine kiwekwe chini upande wa nyuma, mbali na kamera, ili nuru yake isiingie katika picha wala kupofusha vihisi vya kutua. Taa za mwelekeo ziwekwe kwenye mikono, nyekundu kushoto na kijani kulia, kwa uzito ulio sawa pande zote mbili.

Nne, safisha mahali kwa kitambaa kikavu, bandika kwa utepe wa gundi wa pande mbili, kisha funga kwa kamba nyembamba ya plastiki ya kubania nyaya. Gundi peke yake hulegea kwa jua. Kata ncha ya kamba, na zungusha mapanga kwa mkono, moja baada ya jingine, kuhakikisha hakuna linalogusa kitu.

Tano, rusha mchana kwanza. Iache ndege isimame hewani kimo cha mita mbili kwa dakika tatu. Ikiyumba, ikielekea upande mmoja au ikitoa onyo la dira, ishushe na kuhamisha taa.

6. Jaribio la umbali

Jaribio hili hufanywa usiku bila kurusha ndege. Ifungeni ndege, mapanga yakiwa yametolewa, juu ya mlingoti au paa la ghala. Mtu mmoja abaki hapo kuigeuza. Wengine wawili waende kwa pikipiki hadi kilomita 1, kisha 3, kisha 5, mahali penye uwazi, na kupiga simu kila wanapofika. Ndege igeuzwe mbele, nyuma, kushoto na kulia. Kila mara waseme wanachokiona kabla ya kuambiwa. Katibu aandike majibu. Taa isiyoonekana kwa pande zote nne haikufaulu, hata kama ilinunuliwa kwa bei kubwa.

7. Mambo ambayo taa haiwezi kufanya

Taa hufanya ndege ionekane. Haifanyi mti uonekane. Ndege nyuki nyingi hukwepa vizuizi kwa kamera, na kamera hizo gizani hazioni. Kwa hiyo eneo likaguliwe mchana, miti mirefu na nyaya za umeme zichorwe kwenye ramani, na kimo cha ndege kurudi nyumbani yenyewe kiwekwe juu ya kizuizi kirefu kuliko vyote.

Jicho nalo lina udhaifu wake. Huhitaji karibu nusu saa kulizoea giza, na mwanga mmoja wa tochi usoni huharibu kazi hiyo. Tena, nuru moja iliyosimama gizani, ikikodolewa macho kwa muda, huonekana kama inatembea. Mrushaji ayahamishe macho yake mara kwa mara, na mwangalizi wa pili asimame kando yake. Mahali pa kutua pawe na taa zinazomulika ardhi, siyo uso wa mrushaji.

Wala taa si kibali. Nchini Tanzania ndege nyuki husajiliwa na kupewa kibali na Mamlaka ya Usafiri wa Anga, na kuirusha katika hifadhi ya taifa bila ruhusa ni marufuku. Kazi ya usiku iombewe idhini kwa maandishi. Kufukuza tembo kufanywe pamoja na askari wa wanyamapori, kwa sababu tembo anayefukuzwa ovyo huenda akaingia shamba la jirani au uani kwa mtu, na hapo chama kitakuwa kimehamisha msiba badala ya kuuondoa.

8. Wajibu wa Katibu

Ndege ni mali ya wanachama wote. Katibu ahakikishe yafuatayo yamo katika kumbukumbu za chama:

(i) Azimio la Bodi linaloruhusu kazi ya usiku, likitaja majina ya mrushaji na mwangalizi.
(ii) Nakala ya usajili na kibali, pamoja na tarehe ya kwisha kwake.
(iii) Taa na betri zake katika daftari la mali, pamoja na uzito wa ndege baada ya kufungwa taa.
(iv) Matokeo ya jaribio la umbali, yakiwa na sahihi za walioshuhudia.
(v) Daftari la safari: tarehe, saa ya kuruka na kutua, mahali, hali ya taa kabla na baada, na jambo lolote lisilo la kawaida.

Kama kipengele kimoja kinakosekana, Katibu ana haki na wajibu wa kuuzuia ufunguo wa kabati usitoke, hata kama anayeomba ni Mwenyekiti. Wanachama watakaouliza kwa nini ndege haikuruka usiku ule wasomewe kipengele kinachokosekana. Jibu hilo ni rahisi kulitoa kuliko lile la kueleza kwa nini imeanguka.

9. Maswali ya kikundi

1. Unaona nuru ya kijani kushoto kwako na nyekundu kulia kwako. Ndege inakwenda wapi? Ukisukuma kijiti kushoto, itaelekea upande gani wa kwako?
2. Ndege ya gramu 600 imefungwa taa za gramu 30. Uzito umeongezeka kwa asilimia ngapi?
3. Taa inaonekana vema kwa kilomita 1. Katika kilomita 3, nuru inayofika machoni ni sehemu ya ngapi ya ile ya kwanza?
4. Tajeni mahali pane katika ndege ya chama chenu pasipofaa kubandikwa taa, na sababu ya kila pamoja.
5. Katika eneo lenu, ni ndege gani zenye watu zinazoweza kupita chini usiku, na nani apewe taarifa kabla ya kurusha?

Majibu ya swali la kwanza, la pili na la tatu yajadiliwe mpaka kila mmoja ayapate mwenyewe. Majibu ya la nne na la tano hutegemea ndege na mahali penu. Yaandikwe na kuhifadhiwa pamoja na daftari la safari.