Somo la 24: Mnyanya Mgonjwa

Mafuriko ya Mto Rufiji yapunguapo, huacha tope lenye rutuba, na watu wa bondeni hupanda mazao ya mlau. Wengi, huko bondeni na Kibiti pia, hupanda nyanya karibu na nyumba, wapate kitoweo na fedha kidogo.

Mwenye bustani aonapo mnyanya umelegea, mara nyingi hukimbilia dawa. Asipoujua ugonjwa, fedha yake hupotea na mnyanya hufa vile vile. Mganga mwenye akili humtazama mgonjwa kwanza, ndipo atoe dawa. Nasi tufanye hivyo.

1. Mnyanya unaonyauka. Tia kidole udongoni. Ukiwa mkavu, mnyanya wataka maji tu. Lakini ikiwa udongo una maji, na mche umenyauka ghafula hali majani yangali mabichi, kata kipande cha shina karibu na ardhi. Chovya ncha yake katika glasi ya maji safi, ukishike kisitikisike. Baada ya dakika chache, nyuzi nyeupe kama maziwa zikishuka majini, huo ni mnyauko wa bakteria. Vijidudu hivyo hukaa udongoni, huingia mizizini na kuziba mirija ya maji. Hapana dawa ya kuuponya. Ng'oa mche pamoja na mizizi, uuchome moto, kisha osha jembe. Mahali pale usipande tena nyanya, wala bilingani, wala pilipili, maana hizo ni jamaa moja, panda mahindi.

Nyuzi zisipoonekana, tazama mizizi. Ikiwa ina vinundu vingi, imeingiliwa na minyoo midogo mno ya udongoni. Hapo pia badili zao.

2. Majani. Yakiwa na mabaka meupe kama karatasi, yashike mbele ya jua. Ukiona kiwavi kidogo kati ya ngozi mbili za jani, huyo ni kantangaze. Asili yake ni Amerika ya Kusini, naye alionekana Tanzania mwaka 2014. Hutoboa matunda pia. Chuma majani na matunda yaliyoliwa, uyachome au uyafukie chini sana. Usiyatupe kando ya bustani, kwani kiwavi atakua awe nondo, naye atarudi kutaga mayai.

Majani ya juu yakijikunja na kuwa manjano, na mche ukadumaa, geuza jani. Nzi weupe wadogo wakiruka, hao ndio waletao ugonjwa huo kutoka mche hadi mche. Mche ulioambukizwa haupони, ung'oe mapema.

3. Tunda. Kitako cha tunda kikiwa cheusi na kubonyea, usitafute mdudu. Tunda limekosa chokaa, mara nyingi kwa sababu udongo hukauka sana, kisha hujaa maji. Mwagilia kwa kipimo kila siku, asubuhi, shinani wala si majanini, ukatandaze nyasi kavu juu ya udongo.

4. Chumvi. Katika delta, wakati wa kiangazi mto hupungua, na maji ya bahari hupanda katika mikono yake penye mikoko. Kingo za majani zikiungua kama kwa moto, onja maji ya kisima kwa ncha ya ulimi, kisha uteme. Yakiwa na chumvi, dawa ya wadudu haifai kitu. Tafuta maji matamu.

Twaona, basi, ya kuwa kunyauka ni kumoja, lakini sababu zake ni nyingi. Tena, usiuonee huruma mche mmoja mgonjwa ukapoteza bustani nzima: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Maswali
1. Utajuaje kwamba mnyauko umeletwa na bakteria?
2. Kwa nini si vema kupanda bilingani mahali palipokufa nyanya kwa ugonjwa huo?
3. Kitako cha tunda kikioza, utafanya nini?
4. Tazameni bustani ya shule. Andikeni dalili mlizoziona kabla ya kutaja ugonjwa.