Somo: Kompyuta Ndogo ya Hesabu za Kikundi

Vikundi vingine vinataka kuweka hesabu za akiba na mikopo katika kompyuta ndogo yao wenyewe, kwa programu huria kama FreedomBox, ambayo hailipiwi na yeyote aweza kuinakili. Tusikimbilie kasi. Tuulize kwanza: stima ikipotea itakuwaje?

Raspberry Pi 4, iliyotoka 2019, ina nguvu, lakini haina tundu la betri. Ikizimika ghafla ikiandika, kadi yaweza kuharibika na hesabu zikaenda nayo.

A20-OLinuXino-LIME2 ya kampuni ya Olimex, Bulgaria, ni ya polepole kidogo. Haidhuru, daftari la mikopo si sinema! Ina tundu la betri, na ubao wenyewe huichaji. Sisi tungechukua hiyo. Halafu nakala ya pili ikae kwa mweka hazina, nyumba nyingine kabisa.