Namna ya Kumweleza Bosi Unachodai

Kwenye daladala ya jioni wafanyakazi huyataja madai yao bila kigugumizi. Kesho yake mbele ya bosi, ulimi unakuwa mzito. Mara nyingi kinachomfunga mtu mdomo ni kutokuwa na hakika: sheria inasemaje, na hasa anadai shilingi ngapi?

Sheria inasemaje

Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 imeweka kikomo cha saa za kawaida: 45 kwa wiki, zisizozidi 9 kwa siku. Saa za ziada hufanywa kwa makubaliano, na kila moja hulipwa mara moja na nusu ya saa ya kawaida. Likizo ya mwaka ni siku 28. Zanzibar ina sheria yake ya ajira, ya mwaka 2005.

Andika, kisha piga hesabu

Nunua daftari dogo. Kila siku andika saa uliyoingia, saa uliyotoka na aliyekuambia ubaki. Iandike siku hiyohiyo, maana tarehe za kukumbukia mwisho wa mwezi hazikosi ubishi.

Tuseme unalipwa shilingi 390,000 kwa mwezi kwa wiki ya saa 45. Mwezi huhesabiwa kuwa na wiki 4.333, yaani takriban saa 195. Saa moja ni shilingi 2,000. Ya ziada ni 3,000. Ukibaki saa 6, unadai 18,000.

Siku ya kuzungumza

Usimvamie meneja mbele ya wateja au wakati mauzo yamechanganya. Omba nafasi, msalimie kama kawaida, kisha sema:

“Bosi, mwezi huu nimefanya saa 6 za ziada, tarehe zake hizi hapa. Kwa hesabu yangu ni shilingi 18,000, na kwenye mshahara sijaziona. Naomba tuangalie pamoja.”

Halafu nyamaza umsikilize. Hapo ndipo wengi wanapoharibu: kimya kinawatisha, wanaanza kuomba radhi na kujipunguzia dai wenyewe kabla hawajajibiwa. Ukiambiwa “tutaona”, uliza kwa adabu ni lini. Jioni mtumie ujumbe wa simu, mshukuru na utaje tarehe mliyokubaliana, ili pabaki maandishi.

Hofu ya kufukuzwa ina msingi, na hatuwezi kuidharau. Mwenye watoto wa kulisha hapimi maneno yake bure. Ujue tu kwamba kumwachisha mtu kazi kwa sababu amedai haki aliyopewa na sheria si halali. Kama wenzako wana dai hilohilo, nendeni pamoja, au mtume kiongozi wa tawi la chama cha wafanyakazi.

Mkishindwana

Ukiwa Tanzania Bara, nenda Tume ya Usuluhishi na Uamuzi (CMA), ujaze Fomu Namba 1. Aliyeachishwa kazi ana siku 30 za kufungua mgogoro. Kwa madai mengine ni siku 60. Usizimalize kwa kusubiri ahadi za mdomo. Huanza usuluhishi, ambapo msuluhishi huzikalisha pamoja pande zote mbili.

Kutokuwa na mkataba wa maandishi kusikuzuie. Mwajiri akishindwa kuuleta, mzigo wa kuthibitisha masharti ya ajira mnayobishania unamwangukia yeye.