Kompyuta Inaposoma Picha ya Kifua Chako

Kompyuta imeipa picha yangu ya kifua alama 72 kati ya 100. Je, nina kifua kikuu (TB)?

Bado haijathibitika. Alama hiyo inaonyesha tu jinsi picha yako inavyofanana na za watu waliokuwa na TB. Kovu la TB uliyotibiwa zamani, nimonia au saratani ya mapafu pia huweza kuipandisha. Kinachothibitisha ni makohozi, yale mazito yanayotoka kifuani na si mate, yakipimwa kwa mashine ya GeneXpert. Mashine hiyo hutafuta vinasaba vya bakteria wa TB na kutoa jibu katika muda usiozidi saa mbili. Tafadhali, usiondoke kituoni bila kutoa makohozi.

Kompyuta imejuaje kusoma eksirei?

Hakuna aliyeiandikia kwamba doa la namna fulani ni TB. Ilipewa maelfu ya picha, kila moja na jibu lake. Ikakisia, ikasahihishwa, ikajirekebisha kidogo, ikarudia tena na tena. Ndani yake mna tabaka nyingi za hesabu: za mwanzo hushika kingo za mbavu na tofauti ya weusi na weupe, zinazofuata huunganisha hayo mpaka kutambua kivuli au tundu kwenye pafu. Wingi wa tabaka hizo ndio uliozaa jina “ujifunzaji wa kina”.

Haikosei?

Hukosea. Mwaka 2018 watafiti wa Marekani walionyesha kwamba programu ya kutambua nimonia ilikuwa imejifunza pia kujua picha imetoka hospitali gani, na hiyo ni njia ya mkato isiyohusiana na ugonjwa. Ndiyo maana programu iliyofunzwa kwa picha za ugenini ni lazima ijaribiwe kwanza kwa watu wetu, wakiwemo wanaoishi na VVU, ambao picha zao za kifua huweza kuonekana safi ilhali wana TB.

Kwa nini basi itumike?

Kwa sababu wataalamu wa radiolojia ni wachache, na wengi wako mijini. Mwaka 2021 Shirika la Afya Duniani lilipendekeza programu hizi zitumike kuchuja watu wenye miaka 15 na zaidi. Picha ya mtoto aliye chini ya umri huo isomwe na mtaalamu.

Ukikohoa kwa wiki mbili, usisubiri mashine ya eksirei yenye programu hii ifike kijijini. Nenda zahanati: dawa za TB katika vituo vya umma, Tanzania na Kenya, hutolewa bure.